Safari ya Ruaha Kumtafuta Mbuzi Mawe

Alhamisi: Mbezi hadi Iringa

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Ruaha, atakuuliza simba, halafu tembo. Dada yangu nilipomwambia safari hii ni ya mbuzi mawe, alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama mbuzi wameisha mnadani Pugu.

Huyu si wa mnadani. Ni swala, tena wa kimo kidogo: begani hazidi sentimita 60, uzito wake ni kati ya kilo 8 na 18, na maisha yake yote ni majabali. Yuko kuanzia Eritrea na Ethiopia hadi Afrika Kusini, na hapa kwetu anapatikana sehemu nyingi zenye vilima vya mawe, Serengeti ikiwemo. Niliichagua Ruaha kwa kuwa kule mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu akiwa na askari, na kwa kuwa mshahara wa mwalimu unaelewana na Iringa kuliko Arusha. Nimeongozana na binti wa kaka yangu, maana ni likizo fupi ya Septemba. Yuko kidato cha tatu. Baiolojia ya kwenye daftari anaiweza. Ya porini tutaona.

Basi liliondoka Mbezi saa kumi na mbili asubuhi. Hadi Msamvu sina la kuandika, nililala. Ndani ya Mikumi, ambako barabara kuu inaikata hifadhi kwa kilometa kama 50, abiria wa upande wa kulia walisimama wote kupiga picha twiga na kondakta akaanza kuwabembeleza wakae. Baada ya mji wa Mikumi nchi inabadilika. Barabara inashuka na kuandamana na Mto Ruaha Mkuu, joto linapanda, mibuyu inaanza, na kando yake vichaka vimepukutika majani yote vimebaki miiba. Ndipo nilipoacha simu nikaanza kutazama nje, kwa sababu hii ndiyo sura ya nchi tunayoiendea: kavu, ya mawe, na ukiitazama kwa haraka utadhani haina mtu.

Ruaha Mbuyuni vitunguu vilipandishwa dirishani kwenye nyavu, nikajizuia. Mlima Kitonga tuliupanda nyuma ya lori la Tunduma kwa mwendo ambao mtu wa miguu angetupita. Ukishafika juu hewa ni nyingine kabisa. Ilula ni nyanya barabara nzima, kisha Lugalo, palipo na mnara wa vita vya Agosti 1891 ambamo Wahehe wa Mkwawa walikisambaratisha kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Zelewski. Jioni Iringa, sweta begani. Binti alikuwa hakuleta sweta.

Ijumaa: Iringa hadi Msembe

Dereva tumempata kupitia mwenye nyumba ya wageni. Ni mzee wa Kihehe aliyewahi kuendesha magari ya kambi za watalii miaka mingi. Binti akamwamkia, "Shikamoo babu." Akajibiwa, "Marahaba mjukuu wangu, kamwene," na tangu hapo akawa Babu kwetu sote. Mimi ni "mwalimu", hata nilipomwambia jina langu.

Tulisimama Kalenga, iko njiani. Makumbusho ni madogo, na kitu kikubwa ndani yake ni fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Binti aliingia akipiga soga na Babu, akatoka kimya. Kuanzia hapo mbele ni vumbi na barabara yenye mawimbi yanayolegeza kila nati ya gari. Kuna mahali njia inagawanyika: moja ni ya mkato na haina vijiji vya maana, nyingine inapita Idodi na Tungamalenga. Babu hakuuliza, alikata ya Tungamalenga. "Ile nyingine tairi likipasuka utaongea na tembo."

Kwa kweli njia hii ina faida. Unaona jinsi watu na pori wanavyopakana. Vijiji vya Idodi na Pawaga vina eneo lao la wanyamapori wanalolisimamia wenyewe, MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, na unapita kutoka shamba la mpunga hadi nyayo za tembo bila kuona uzio wowote. Tungamalenga tulinunua maji, mkate, mayai ya kuchemsha na ndizi. Mwenye duka alishangaa tulipomwambia tunakwenda kutazama mbuzi mawe. Alisema yeye akitaka kumwona anatazama tu mlimani. Hakutuambia mlima upi.

Getini hawapokei fedha mkononi. Unapewa kontroli namba, unalipa kwa simu, unasubiri ujumbe. Ujumbe wangu ulichelewa hadi askari mmoja akanielekeza mti ambao chini yake mtandao unashika. Ulishika.

Daraja la Ibuguziwa, juu ya Mto Ruaha Mkuu, lilitupa mamba watatu na viboko waliobanana kwenye dimbwi dogo kuliko idadi yao. Mto huu mkubwa tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka sehemu ya kiangazi, kwa sababu maji yake yanachukuliwa huko juu, bonde la Usangu, kwa mashamba ya mpunga, na ardhi oevu inayoulisha ikabanwa na mifugo. Mwaka 2008 Usangu iliingizwa ndani ya hifadhi na Ruaha ikafika kilometa za mraba 20,226. Mipaka mipya ni jambo jema, lakini viboko wa darajani hawajaziona hizo kilometa.

Usiku Msembe, kwenye vibanda vya hifadhi. Tembo alikuja kula maganda ya mkwaju nyuma ya jiko. Binti alihesabu pumzi zake.

Jumamosi: Mtoni

Leo ni siku ya kila mtu. Mto ukiwa hivi, wanyama wote wanateremka kwake, na wewe ukiegesha chini ya mti unaona foleni: pundamilia, swala pala, twiga anayepiga msamba kunywa, tandala mkubwa mwenye pembe za msokoto akisita mita mia moja kabla ya maji. Ruaha ni mahali ambapo Afrika Mashariki na ya Kusini zinakutana. Upande huu ni migunga na miti ya jamii ya manemane, upande ule ni miombo, na ndiyo maana tandala mdogo wa nchi kavu ya kaskazini na palahala wa miombo wanaweza kuishi ndani ya hifadhi moja. Sitaandika zaidi kuhusu mtoni. Waliokwisha kuandika ni wengi.

Ila digidigi lazima nimwandike, kwa sababu maisha yake yanafanana sana na ya tunayemtafuta, na alisimama karibu na gari hadi nikaona kope zake. Ni mdogo kupita kiasi, kilo 5 hivi, miguu ya vijiti. Pua yake ni ndefu, inachezacheza, inageuka huku na huku hata akiwa ametulia. Hiyo pua ni mtambo wa kupoza: ndani yake hewa inapita kwenye ngozi yenye majimaji, damu iliyo karibu inapoa, na damu hiyo iliyopoa inausaidia ubongo usichemke. Maji ya kunywa anaweza kukaa bila kuyagusa, anayapata kwenye majani. Pembeni ya jicho ana alama nyeusi ya tezi, na anatembea na mwenzake. Mwenzake tulimwona baada ya dakika chache, hatua tano nyuma, ndani ya kichaka.

Alipotushtukia alikimbia kwa kona kona, kushoto kulia, akapotea vichakani. Digidigi anategemea kichaka. Nikamwambia binti aikumbuke hiyo, maana mbuzi mawe ana karibu mambo yote hayo, jozi, tezi, kutokuhitaji mto, ila yeye hategemei kichaka.

Mchana mbung'o walitumaliza. Nilivaa shati la bluu iliyoiva, rangi ambayo mbung'o wanaipenda kuliko zote, na Babu alinitazama tangu asubuhi bila kusema kitu. Saa tisa alisema: "Mwalimu, huyo unayemtafuta hana shida na mto. Kesho twende kwa wenye mawe."

Jumapili: Kilimani kwa miguu

Askari wawili, bunduki mbili. Mkubwa wao, afande mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, alitupanga mstari mmoja na kutoa maelekezo: nikisimama simameni, nikichuchumaa chuchumaeni, hakuna kuongea, hakuna kukimbia. Binti akauliza, "Na tukikuona wewe unakimbia, afande?" Akajibu, "Hutaniona." Hadi sasa hatujaelewana alimaanisha nini.

Tulianza kabla jua halijatoka. Kilima chenyewe hakina jina kwenye ramani niliyo nayo. Kutoka hapo unauona mlima wa Kimilamatonge. Kilima chetu ni rundo la majabali ya kijivu yaliyoegemeana, mengine makubwa kuliko nyumba, yenye mtini pori uliopitisha mizizi kwenye nyufa, mkonge pori, mishubiri michache na vichaka vilivyobakiza majani mawili matatu. Pimbi walikuwa wameshatoka kuota jua. Afande alichukua vumbi kiganjani, akaliachia, akaangalia linakoelekea, akatuzungusha kilima upande wa pili.

Tulichokiona kwanza kilikuwa mavi. Kwenye kipande cha ardhi tambarare chini ya jabali palikuwa na rundo la vidonge vidogo, vyeusi vibichi juu, vya kijivu na vilivyopasuka chini. Wanarudi palepale, siku baada ya siku. Ni mpaka. Hatua chache kutoka hapo afande akanyoosha kidole kwenye kijiti kikavu, usawa wa goti langu. Nchani mwake palikuwa na tone jeusi linalong'aa, dogo, la mviringo. Nililigusa kwa ukucha. Linanata, na uzi mwembamba ukafuata kidole nilipokiondoa. Pua yangu haikusikia harufu yoyote.

Tone hilo linatoka jichoni, au tuseme chini kidogo ya jicho, ambako mbuzi mawe ana tezi kubwa yenye tundu jeusi. Anapotaka kuweka alama anaukaribia mti, anainamisha uso, anaiingiza ncha ya kijiti kwenye lile tundu taratibu, kwa uangalifu ambao mimi sina hata nikitia dawa ya macho, kisha anaondoka. Dume anafanya hivyo na jike pia. Huko kusini mwa Afrika watafiti wamekuta jambo la kuudhi: kuna aina ya kupe inayofuata harufu ya alama hizo na kukaa kwenye vijiti hivyohivyo, ikisubiri mwenyewe arudi kuweka alama mpya. Binti aliposikia habari za kupe akafuta kidole chake kwenye suruali, ingawa aliyegusa nilikuwa mimi.

Kwenye bapa la jabali lililoingia kivulini palikuwa na nywele. Nilizichukua kama kumi hivi. Ukiziweka kiganjani huzisikii uzito. Ni nene kuliko zinavyotakiwa kuwa kwa mnyama wa kimo kile, na ukizikunja hazipindi, zinakatika. Ndani ni tupu, zina hewa. Manyoya haya ndiyo nyumba yake: adhuhuri jabali linapowaka yanazuia joto, usiku yanazuia baridi, na akijigonga kwenye mwamba yanapunguza pigo. Yanachomoka kwa urahisi pia, kwa hiyo anayemdaka vibaya anaweza kubaki na mdomo uliojaa nywele. Walowezi wa Kizungu huko Afrika Kusini waliwawinda sana kwa ajili ya nywele hizi, wakazijaza kwenye matandiko ya farasi. Ukizishika unaelewa kwa nini, na unakasirika kidogo.

Tulikaa. Jua likapanda kidole kimoja, viwili. Mimi nilikuwa natazama kileleni kwa darubini, nikiamini mnyama wa namna hii lazima awe juu kabisa. Binti akanivuta mkono. "Shangazi," akanong'ona, "lile jiwe lina masikio."

Alikuwa katikati ya kilima, si juu, na alikuwa ametutazama muda wote. Rangi yake ni ya manjano iliyochanganyika na kijivu, madoa madogo madogo kila nywele, rangi ileile ya mwamba wenye ukungu mkavu. Masikio mapana ya mviringo, ndani meupe yenye mistari myeusi. Vipembe viwili vifupi vilivyosimama wima. Dume. Katika baadhi ya maeneo ya Afrika Mashariki jike naye huota pembe, lakini wa kwetu, aliyetokea baadaye nyuma ya mtini, hakuwa nazo.

Na zile kwato. Nilikuwa nimefundisha kwato za wanyama ubaoni mara nyingi, na zile sizo. Swala wengine wanakanyaga kwa kwato. Huyu anakanyaga kwa ncha za kwato. Kila kwato ni nyembamba, imesimama wima, imeishia na duara dogo butu, ukingo wake mgumu na katikati yake laini ya kushika mwamba. Anavyotembea ni mtu anayepita sebule iliyopigwa deki sasa hivi. Alisogea hadi kwenye ncha ya jabali, akakusanya miguu yote minne mahali ambapo mimi nisingeweka kiganja, akageuka hapohapo, na kugeuka kwenyewe hakukutoa sauti.

Afande alikohoa. Kikohozi cha kweli, vumbi. Dume akainuka. Siwezi kusema aliruka mbele, alikwenda juu. Jabali ambalo mimi ningelitafutia ngazi alilipanda kwa miguso mitatu, jike nyuma yake, na wote wawili wakasimama kwenye ukingo kututazama tena, kutoka mita kumi na kitu hewani. Hapo ndipo nilipoielewa tofauti na digidigi wa jana. Digidigi anakimbilia kichaka, mnyama wa uwandani anauweka umbali kati yake na adui. Huyu umbali haumsaidii, miguu yake hiyo si ya mbio za uwandani hata kidogo. Anachotafuta ni kimo, na kimo kidogo tu kinatosha. Fisi au mbwa mwitu akifika chini ya jabali lile safari yake imeishia hapo.

Chui ni habari nyingine. Chui anapanda. Afande alituonyesha unyayo wake kwenye mchanga tukiwa tunarudi, upande wa kilima tuliopitia asubuhi. Ulikuwa juu ya nyayo zetu.

Jumatatu: Kilima kilekile

Babu alidhani tutabadilisha sehemu. Nilimwomba aturudishe kilima cha jana, safari hii kwa gari, kuna njia inayopita upande wa mashariki. Alizima injini, akafunika uso kwa kofia, akalala. Ni dereva mzuri sana wa kutazama mbuzi mawe.

Walikuwepo, palepale. Ingekuwa ajabu wasiwepo. Jozi moja inalinda eneo lake mwaka mzima, hekta chache tu kwenye milima yenye mvua ya Ethiopia, hadi karibu hekta 50 penye ukame. Sisi tumetoka Dar, zaidi ya kilometa 600, kuja kumtazama kiumbe ambaye nchi yake yote ungeizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Binti aliona hiyo ni jela. Tulibishana kwa kunong'ona karibu nusu saa. Hoja yake ilikuwa kwamba watoto wao watakwenda wapi, na hapo aligusa penyewe. Mtoto huzaliwa mmoja, anafichwa kwenye nyufa za mawe miezi ya mwanzo, mama anamfuata kumnyonyesha. Akishakua anatakiwa aondoke, na kuondoka maana yake ni kushuka na kuvuka uwanda kwa miguu isiyojua mbio, hadi kilima kingine kisicho na wenyewe. Kwa mnyama huyu kila kilima ni kisiwa. Ndiyo sababu kule Nigeria kuna mbuzi mawe waliobaki peke yao, mbali kabisa na wenzao wa mashariki na kusini, na wakiisha kwenye vilima vile hakuna atakayekuja kuziba nafasi.

Asubuhi nzima jike alikula na dume akalinda. Nilianza kuandika dakika kwenye daftari nikaacha, haikuwa na haja. Jike anachuma jani, anasogea, anachuma ua kavu, anasogea. Dume yuko juu yake kidogo, mgongo kwake, uso kwa dunia. Jike akihama hatua tano, dume anahama. Mara chache sana niliona wameachana zaidi ya urefu wa gari letu. Mara dume naye akateremka kula, jike akainua kichwa, lakini zamu ya jike ilikuwa fupi. Mwingereza Robin Dunbar, yule aliyekuja kujulikana kwa hesabu yake ya marafiki 150, miaka ya 1970 alikuwa kwenye milima ya Simien huko Ethiopia akiwachunguza gelada, nyani wa huko milimani, na mbuzi mawe wa hapohapo aliwachunguza pia, hasa jambo hili la jozi kushikamana. Mimi ningedhani mapenzi. Wataalamu wanasema ni ulinzi: jike mwenye mlinzi anaweza kuinamisha kichwa na kula ashibe, naye dume asiyeondoka hana wasiwasi wa kunyang'anywa mke. Sioni kwa nini isiwe yote mawili.

Karibu saa nne pimbi walitoweka. Wote, kwa pamoja, mwamba ukabaki mtupu. Kivuli kikapita juu ya jabali, halafu mwenye kivuli: tai mweusi, mkubwa, mwenye alama nyeupe mgongoni, na nyuma yake mwenzake. Chakula chao kikuu ni pimbi, lakini mtoto wa mbuzi mawe hawamkatai.

Nilitegemea wakimbie. Hawakukimbia. Dume alipiga mluzi. Unatoka puani, mkali na mfupi, na mara ya kwanza binti aligeuka nyuma akidhani kuna gari linatupigia honi. Jike akaitikia hapohapo, na wakaendelea hivyo, huyu na huyu, wamesimama wima mahali pa wazi kabisa, ambapo kwa akili yangu mnyama anayeogopa hatakiwi kuwepo. Lakini adui wa kuvizia akishaonekana kazi yake imeharibika. Mluzi ule unamwambia kwamba ameonekana, na kwamba wanaomwona ni wawili. Hata Babu aliamka. Alisikiliza, akasema, "Hao wamekasirika," akarudisha kofia usoni.

Tai walizunguka mara moja zaidi, wakaelekea Kimilamatonge. Wale wawili waliendelea kupiga mluzi muda mrefu baada ya tai kupotea. Pimbi wa kwanza alipochungulia, jike alikuwa ameshaanza tena kuchuma majani.

Adhuhuri joto liliwashinda hata wao. Waliingia kwenye kivuli cha mwamba, wakalala wakitazama pande mbili tofauti. Binti alijaza kurasa za daftari lake kwa michoro ya kwato, mibaya, ila pembe ya mguu ameipata sawasawa. Picha za simu zote zinaonyesha mawe.

Jumanne: Kutoka

Tumelala vibaya, simba walinguruma karibu na vibanda usiku kucha. Asubuhi Babu alikagua tairi, tukatoka kwa njia ya Tungamalenga. Mwenye duka alikuwepo. Nilimuuliza mlima wake ni upi, akaonyesha kilima nyuma kabisa ya mashamba, cha mawe, kidogo. Tulisimama na darubini robo saa hatukuona kitu, naye akasema jua limeshakuwa kali, tungekuja mapema.

Kwa anayetaka kwenda: matembezi ya miguu yaombe ofisini Msembe siku moja kabla, maana askari wanapangwa jioni. Nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba, vichaka vikiwa havina majani ya kukuzibia. Nguo za kaki au kijani kilichopauka, bluu na nyeusi ziache nyumbani. Viatu visiwe vya soli ngumu, mwamba unateleza. Chukua darubini hata ya kuazima, na dereva umwambie mapema kwamba mtakaa kilima kimoja saa nyingi, kwa sababu wengine wamezoea kukimbizana na habari za simba kwenye redio na watakuona umewapotezea siku. Babu anapatikana Iringa. Binti amebaki na namba yake, wanatumiana salamu.